SUBIRA YENYE KAZI: Maisha ya Abdul Ghaffar Khan na Jeshi Lake Lisilo na Silaha



Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu ya mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, kijana mmoja alisimama akauliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema: "Maalim, kila tunapodhulumiwa twaambiwa tusubiri. Babu zetu walisubiri, na baba zetu wakasubiri, na sisi twasubiri. Jee, si subira hii ndiyo iliyotuweka nyuma ya wenzetu?" Wako wazee waliomkunjia uso, wakaona amevunja adabu. Lakini Maalim alisema: "Mwacheni. Huyu ataka kujua, na swali lake ni deni juu yetu."

Deni hilo ndilo tunalotaka kulilipa leo. Na kwa kuwa mfano wa mtu huingia moyoni upesi kuliko hoja, tumechagua kueleza maisha ya Mwislamu mmoja aliyeishi karibu miaka mia, akakaa kifungoni takriban miaka 30 ya umri wake, na akaongoza jeshi lililokisiwa kufika watu laki moja, jeshi ambalo hapana hata askari wake mmoja aliyeruhusiwa kuchukua silaha. Huyo ni Khan Abdul Ghaffar Khan, Mpathani wa mpaka wa Bara Hindi na Afghanistan, ambaye watu wake walimpa jina la Badshah Khan, maana yake mfalme wa makhan.

NCHI YAKE NA WATU WAKE

Abdul Ghaffar alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, karibu na mji wa Charsadda, katika bonde la Peshawar. Wapathani ni Waislamu, watu wa milimani, mashujaa na wakarimu. Mgeni kwao ni amana, na anayekimbilia nyumbani kwao hulindwa hata kama ni adui. Lakini pamoja na sifa hizi njema walikuwa na ada moja iliyowala kama mchwa alavyo boriti: ada ya kisasi. Kwa lugha yao huitwa badal, na neno hilo ni ndugu wa neno letu "badala". Aliyeuawa nduguye hapumziki mpaka aue badala yake, na waliouliwa nao hawapumziki mpaka waue tena. Hivyo baba humrithisha mwanawe bunduki na deni la damu pamoja, na watoto wakawa wanauana kwa ugomvi ambao asili yake hapana aikumbukaye.

Waingereza waliitwaa Peshawar mwaka 1849. Waliwatia Wapathani chini ya sheria ya mpakani, iliyotiwa nguvu zaidi mwaka 1901, ambayo kwayo kabila zima au kijiji kizima kiliweza kutozwa faini au kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Makabila ya milimani yalipigana nao mara nyingi. Kila mara risasi ilipotoka mlimani, serikali ilipata sababu ya kuleta majeshi, mizinga, na mwishoni ndege za kutupa mabomu. Basi watu wale walikuwa kati ya dhulma mbili: moja ya mgeni aliyewatawala, na moja waliyojidhulumu wao kwa wao.

Babake Abdul Ghaffar, Bwana Behram Khan, alikuwa tajiri wa mashamba. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijulikana kwa jambo moja lililokuwa ajabu katika nchi ile: aliwasamehe maadui zake wote, asiwe na deni la damu na mtu yeyote. Yafaa jambo hili tulishike, kwani mwana huyu alizaliwa katika nyumba ambamo msamaha ulikuwa ukitendwa kabla ya kufundishwa.

SKULI KABLA YA SIASA

Behram Khan alimpeleka mwanawe Peshawar, katika skuli ya wamishenari iliyoitwa Edwardes. Baadhi ya mamulla walimlaumu sana, wakasema skuli ni njia ya ukafiri. Mtoto alitoka katika skuli ile na Uislamu wake timamu, lakini alitoka pia na swali. Alimuona mkuu wa skuli, mgeni aliyetoka mbali, akijitolea kuwafundisha watoto wasio wake wala wa dini yake. Akajiuliza: ikiwa huyu mgeni ataabika kwa ajili ya watoto wetu, sisi wenyewe twawafanyia nini?

Alipokuwa kijana alipewa nafasi ya kuwa afisa katika jeshi la Waingereza lililoitwa Guides, cheo ambacho kila Mpathani alikitamani. Siku moja alimuona afisa mwenzao wa nchi ile akitukanwa mbele ya watu na Mwingereza, naye hana la kujibu. Abdul Ghaffar akaona kuwa heshima ya cheo kile ni ya nguo tu, akakikataa. Kisha ikataka apelekwe Uingereza kusoma, kama alivyokwenda nduguye mkubwa, Dokta Khan Sahib, aliyesomea utabibu. Mamake alikataa, akasema hataki kumpoteza na huyu wa pili. Mwana akamtii mamake, akabaki.

Tazama, ndugu msomaji: mlango wa jeshi umefungwa, na mlango wa Ulaya umefungwa. Wengi wangeketi barazani wakalaumu kudura. Yeye mwaka 1910, hali ana umri wa miaka 20, alifungua skuli kijijini kwao Utmanzai, akishirikiana na watu wa Haji wa Turangzai, mcha Mungu mashuhuri wa nchi ile. Kisha akatembea kwa miguu vijiji kwa vijiji, mamia yake, akiwaambia watu wasomeshe watoto wao, waume kwa wake. Serikali haikumpenda, kwa kuwa iliona mtu aliyesoma hatawaliki kwa urahisi. Na mamulla wa vijijini nao hawakumpenda, kwa kuwa waliona mtu aliyesoma hatawaogopa. Hivyo wakubwa wa dunia na baadhi ya wakubwa wa dini waliafikiana juu ya jambo moja, nalo ni kuwaacha watu gizani.

Mwaka 1919 alitiwa kifungoni mara ya kwanza kwa kupinga sheria ya Rowlatt, iliyowapa watawala ruhusa ya kuwafunga watu bila ya hukumu ya kawaida. Mwaka 1921 aliunda chama cha kuwatengeneza Wapathani, Anjuman-e-Islah, na akafungua skuli nyingine Utmanzai. Makusudio ya chama hicho hayana ugeni wowote kwetu sisi: kuunganisha watu, kuondoa ugomvi, kuzuia israfu katika harusi na sherehe, kuhimiza elimu, na kuwafanya watu waipende dini kwa vitendo.

Imepokewa kuwa mtawala wa Kiingereza alimwita Mzee Behram Khan, akamtaka amkataze mwanawe kazi ya skuli. Mzee akamwendea mwanawe na ujumbe ule. Abdul Ghaffar akamuuliza babake: kama watu wote wangeacha kusali, nawe ukaniamrisha niache sala, jee ingenifalia kukutii? Mzee akajibu kuwa haiwezekani. Mwana akasema: basi na kuwasomesha watu ni faradhi mfano wa hiyo. Mzee akaridhika, akarudisha jawabu kuwa mwanawe hataacha.

Kwa skuli hiyo alifungwa miaka mitatu. Alitiwa pingu, akasagishwa nafaka kwa mawe ya mkono, akakonda na kuugua, na mamake alifariki naye yumo ndani. Alipotoka mwaka 1924 alirudi kwenye kazi ile ile. Mwaka 1926 alikwenda Hija, kisha akazuru Baitul Muqaddas, na huko mkewe wa pili akafariki kwa kuanguka. Wa kwanza alikuwa amekwisha fariki zamani. Hakuoa tena. Mwaka 1928 alianzisha gazeti la Kipashto lililoitwa Pakhtun, ambalo ndani yake wanawake nao waliandika juu ya haki zao.

Tangu 1910 mpaka 1928 ni miaka 18. Katika muda wote huo alikuwa akitayarisha ardhi, na mbegu yake kubwa hajaipanda bado.

WATUMISHI WA MUNGU

Mwezi wa Novemba mwaka 1929 aliunda jeshi aliloliita Khudai Khidmatgar. Neno "khidma" ni hili letu la "huduma", na maana ya jina lote ni Watumishi wa Mungu. Alisema kuwa Mungu hahitaji kuhudumiwa na mtu, basi kumhudumia Mungu ni kuwahudumia viumbe vyake.

Jeshi hilo lilikuwa na makapteni na majemadari, mazoezi ya kutembea kwa safu, ngoma na zumari, na bendera. Kwa kuwa nguo nyeupe zilichafuka upesi, walizitia rangi nyekundu kama ya matofali, na kwa hiyo wakajulikana kwa jina la Kanzu Nyekundu. Kila aliyeingia alikula kiapo. Aliapa kuwa atajiepusha na jeuri na kisasi. Kuwa atamsamehe amdhulumuye. Kuwa hatajitia katika ugomvi wala kuufanya uadui. Kuwa ataacha mila mbaya na uvivu, aishi maisha ya kawaida. Na kuwa hatataraji ujira kwa kazi yake. Na kifungu kimoja cha kiapo hicho twaomba kijana wetu aliyeuliza akisikilize sana: kila mmoja aliapa kutoa muda usiopungua saa mbili kila siku kwa kazi ya kuwafaa watu.

Saa mbili kila siku! Walifagia vijiji, walifungua skuli, walipatanisha waliogombana, walisokota pamba. Mtu aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kumvizia adui yake nyuma ya jiwe, sasa huamka alfajiri akafagia mlango wa adui yule yule.

SIKU YA PESHAWAR

Tarehe 23 Aprili 1930 Abdul Ghaffar alikamatwa alipokuwa akienda Peshawar. Wakati huo Bara Hindi yote ilikuwa imeamka kwa sababu ya sheria ya chumvi, na siku hiyo viongozi wa Peshawar nao walikamatwa. Watu wakakusanyika katika soko liitwalo Qissa Khwani, maana yake soko la wasimulizi wa hadithi. Hawakuwa na silaha. Magari ya chuma ya jeshi yakaingizwa katikati yao, wakafa watu chini ya magurudumu. Kisha askari wakaamrishwa kupiga risasi. Waliokuwa mbele walipoanguka, waliokuwa nyuma walikuja mbele. Hesabu ya waliokufa haikuafikiwa: serikali ilitaja makumi, na wenyeji wakataja mamia.

Siku hiyo likatokea jambo ambalo watawala hawakulitazamia. Vikosi vya askari wa Garhwal, ambao ni Wahindu, waliamrishwa kuwapiga risasi Waislamu wale, wakakataa. Walisema hawatawaua watu wasio na silaha. Walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mkubwa wao, Chandra Singh, akahukumiwa kifungo cha maisha. Basi fikiri: lau katika umati ule ingalitoka risasi moja, askari wale wasingalikuwa na njia ya kukataa. Subira ya Waislamu ndiyo iliyowafungulia Wahindu mlango wa kutenda haki.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya adhabu. Vijiji vilizungukwa, nyumba zikachomwa, nafaka zikaharibiwa, watu wakavuliwa nguo na kupigwa, na Kanzu Nyekundu wakatangazwa kuwa ni chama haramu. Kabla ya hapo walikuwa wachache, hawakuzidi elfu moja au mbili. Baada ya hapo waliongezeka mpaka wakakisiwa kuwa laki moja. Badshah Khan alikuwa akisema kuwa Waingereza walimwogopa Mpathani asiyepiga kuliko Mpathani apigaye. Na sababu yake ni wazi: wa pili walikuwa na dawa yake, na wa kwanza hawakuwa na dawa yake.

ALIITOA WAPI FIKRA HII?

Wako wasemao kuwa aliichukua kwa Gandhi, na kuwa ni fikra ya Kihindu iliyovishwa kilemba. Kweli alisuhubiana na Gandhi, akampenda, wakakaa pamoja Wardha mwaka 1934, na mwaka 1938 Gandhi alizuru vijiji vya Wapathani. Lakini Badshah Khan mwenyewe alisema wazi kuwa hapana ajabu kwa Mwislamu kuikubali njia hii, kwa kuwa ndiyo njia aliyoifuata Mtume (s.a.w.) muda wote alipokuwa Makka. Silaha ya Mtume, alikuwa akiwaambia watu wake, ni subira na haki, nazo hazishindwi na nguvu yoyote ya duniani.

Turudi katika sira tuliyoisoma. Miaka 13 ya Makka Waislamu walipigwa, Bilal akalazwa juani na jiwe kifuani, Sumayya akauawa, ukoo wa Mtume ukazuiliwa bondeni miaka mitatu watu wakila majani. Jee, miaka hiyo Waislamu waliketi? Hawakuketi. Walifundishana Qurani kwa siri katika nyumba ya Arqam, Abubakar alikuwa akiwanunua watumwa na kuwaacha huru, wengine walihajiri Uhabeshi, na Mtume aliwaendea makabila katika kila msimu. Kisha mwaka wa 8 wa Hijra, alipoingia Makka hali ana nguvu za kulipa kila kofi, aliwasamehe. Subira hiyo ya mwanzo na msamaha huo wa mwisho ni kamba moja.

Huenda mwenye elimu akasema: "Sheria imeruhusu kujitetea." Ni kweli, wala sisi hatubatilishi hukumu ya fiqhi kwa kisa cha mtu. Lakini kilichoruhusiwa si lazima kiwe ndicho chenye kufaa kila wakati na kila mahali. Badshah Khan aliwatazama watu wake akaona kuwa bunduki wameijaribu miaka themanini. Haikumtoa Mwingereza, na ilimaliza watoto wao wenyewe. Mganga mwerevu humpa mgonjwa dawa ya ugonjwa wake. Ugonjwa wa Wapathani ulikuwa ni kisasi, na dawa yake ilikuwa ni msamaha. Jee, ugonjwa wetu sisi ni upi? Swali hili tutalirudia.

MTIHANI MKUBWA ZAIDI

Mwaka 1937 nduguye, Dokta Khan Sahib, alikuwa waziri mkuu wa jimbo lao. Mwaka 1940, viongozi wa Congress walipokuwa tayari kuingia katika vita vya dunia kama wangepewa uhuru, Badshah Khan alijitoa katika halmashauri yao, akasema kiapo chake si cha kuvaliwa na kuvuliwa. Mwaka 1942 alifungwa tena, akapigwa mpaka mbavu zikavunjika.

Ulipokaribia uhuru, Waislamu na Wahindu waliuana. Huko Bihar Waislamu wengi waliuawa mwaka 1946, na mwaka 1947 yeye na Gandhi walitembea katika vijiji vile kuwafariji waliobaki. Na kwao Peshawar, Kanzu Nyekundu waliwalinda jirani zao Wahindu na Masingasinga. Msimamo wake ulikuwa mmoja: damu ya asiye na hatia ni damu, iwe ya nani.

Hapa tunafika katika jambo ambalo ndugu zetu wengi hawamwafiki. Yeye hakutaka Bara Hindi igawanywe. Mwezi wa Julai 1947 watu wa jimbo lake waliulizwa kwa kura waingie India au Pakistan. Yeye alitaka wapewe na njia ya tatu, ya kuwa na nchi yao wenyewe. Alipokataliwa, aliwaambia wafuasi wake wasipige kura. Karibu nusu ya wenye haki ya kura hawakupiga, na waliopiga walichagua Pakistan, ila wachache mno. Sisi hatusemi kuwa kila rai yake ilikuwa sawa. Huenda kususia kura kulikuwa ni kosa, kwani atokaye barazani huachia wengine kukata shauri. Mtu mwema hukosea, na kumpenda hakutulazimishi kulipamba kosa lake.

Mwezi wa Februari 1948 alikula kiapo cha utiifu kwa Pakistan, lakini hakuaminiwa. Mwezi wa Juni alifungwa, na tarehe 12 Agosti 1948, huko Babrra, karibu na Charsadda, askari wa serikali mpya waliwapiga risasi wafuasi wake wasio na silaha. Hapo napo hesabu haikuafikiwa. Na huu ndio mtihani uliokuwa mkubwa kuliko wa Mwingereza. Kumvumilia mgeni anayekudhulumu ni kuzito. Lakini kumvumilia nduguyo wa dini, anayesali kibla kimoja nawe, ndiko kunakopasua moyo. Wafuasi wake walikuwa watoto wa waliorithi bunduki. Wangeliweza kurudi milimani. Yeye aliwazuia, na kiapo kikabaki kiapo.

Alifungwa, akaachwa, akafungwa tena. Mwaka 1962 jumuiya ya Amnesty International ilimchagua kuwa mfungwa wa mwaka. Mwaka 1964 alitoka kwenda kutibiwa, kisha akaishi ugenini Afghanistan mpaka 1972. Mwaka 1987 India ilimpa nishani yake kubwa kabisa, Bharat Ratna. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, akazikwa Jalalabad, katika Afghanistan, kama alivyousia. Wakati huo nchi ile ilikuwa katika vita vya Warusi. Silaha zikawekwa chini kwa ajili ya maziko yake, na maelfu ya watu wakavuka mlima wa Khyber kumsindikiza. Hata hivyo siku hiyo mabomu yalipasuka pahala pa maziko, wakafa watu. Maisha yake yote aliwaomba watu waache kumwaga damu, na damu ilimfuata mpaka kaburini. Asemaye kuwa alishinda kila jambo atakuwa amesema uwongo.

JAWABU YA KIJANA WETU

Sasa, mwanangu uliyeuliza, sikiliza. Umesema subira ndiyo iliyotuweka nyuma. Sisi twasema: kilichotuweka nyuma tumekipa jina la subira, nalo si jina lake.

Mtu akiketi barazani tangu alasiri mpaka magharibi, akahesabu dhulma alizotendewa, kisha akainuka akaenda kulala, huyo hakusubiri. Huyo ameketi tu. Mtu akimwacha mtoto wake wa kike bila ya elimu, kisha akalalamika kuwa hapana daktari wala mwalimu mwanamke wa Kiislamu wa kuwahudumia wakeze, huyo hakusubiri. Mtu akakopa akafanya harusi ya siku saba, kisha akauza shamba la urithi kulipa deni, na baadaye akasema wageni wamechukua ardhi yetu, huyo naye hakusubiri. Hatusemi kuwa dhulma haikutokea. Imetokea, na mwenye haki yake na aidai kwa sheria na kwa hoja, kila siku, bila ya kuchoka. Twasema tu kuwa Badshah Khan alianza kudai haki kwa Mwingereza baada ya kuidai kwa nafsi yake na kwa kijiji chake.

Tulisema tutauliza ugonjwa wetu ni upi. Bunduki hatunazo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kisasi tunacho, ila chetu ni cha ulimi na cha moyo. Ndugu wawili wagombania nyumba ya marehemu baba yao, na miaka kumi hawasalimiani. Mtaa mmoja una misikiti miwili kwa sababu wazee wa kamati walikosana juu ya ufunguo. Mwenye rai katika jambo dogo la ibada humwita mwenzake mpotofu, na wa pili hulipiza katika hutuba ya Ijumaa. Hiyo ni badal yetu. Haimwagi damu, lakini yatuzuia kujenga skuli moja kwa mikono miwili. Na vijana wetu nao, anapokuja mtu akawaambia kuwa njia ya heshima ni jeuri, humsikiliza, kwa kuwa sisi wazee hatukuwaonyesha njia nyingine ya heshima ila kukaa kimya.

Njia nyingine ipo. Kusamehe si kazi ya mnyonge, kwani mnyonge hana analolisamehe, hunyamaza kwa kuwa hana la kufanya. Wapathani walikuwa na bunduki, na shabaha yao ilijulikana ulimwenguni; walipoziweka chini, kila mtu alijua kuwa hawakuziweka kwa hofu. Na wewe ukitaka subira yako iheshimiwe, kwanza uwe mtu mwenye elimu, mwenye kazi, mwenye umoja na wenzake. Hapo ukinyamaza, kunyamaza kwako kutasikika.

Na mwanzo wake si mgumu. Hatukuombi laki ya watu wala kanzu nyekundu. Twakuomba zile saa mbili. Pengine kila siku hutaziweza. Basi anza na saa mbili kwa wiki. Wafundishe hesabu watoto wa chuoni. Fagia uwanja wa msikiti. Mwandikie barua mjane asiyejua kwenda ofisini kudai haki yake. Na kabla ya hayo yote, nenda kamsalimie yule ambaye husalimiani naye.

MASWALI YA DARASA IJAYO

1. Ni kwa nini Abdul Ghaffar Khan alianza na skuli, wala hakuanza na siasa?
2. Eleza tafauti iliyopo baina ya subira na uvivu, kisha utoe mfano mmoja wa kila kimoja katika mtaa wenu.
3. Askari wa Garhwal walikataa kupiga risasi. Jee, wangalikataa kama umati ungalikuwa na silaha? Toa hoja.
4. Kususia kura ya mwaka 1947 kulikuwa na faida gani na hasara gani?
5. Swali hili si la kujibiwa darasani: ni nani ambaye wewe husalimiani naye, na ni lini utakwenda kwake?

Mwenyezi Mungu atupe subira yenye kazi, na atuepushe na kukaa tukakuita subira. Amin.